Jumamosi za Mkwe

Siku ile kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, dada wa mezani aliuliza mtoto atakuwa akichukuliwa wapi. Binti yangu, ambaye amerudi kuishi kwangu, hakutaka kuonana na mtalaka wake. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Basi aje kwangu, Gongoni." Ikaandikwa: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa sita mchana, baba atamchukua mtoto kwenda naye Igunga, Jumapili jioni amrudishe. Nikaweka dole gumba.

Nilipofika nyumbani ndipo akili ikanijia. Yule ni mkwe wangu! Mimi nimezaliwa Ziba, na kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni.

Binti yangu akacheka. "Mama, si tumeachana? Ukwe gani tena?"

"Wewe ndiye uliyeachwa. Mjukuu wangu ni damu yake. Mimi kaniacha nani?"

Basi Jumamosi zikawa kifungo. Binti anakimbilia dukani kwake. Mwanamume anakaa uani, ameupa mlango mgongo. Mimi niko chumbani na mkojo wangu, maana choo kiko uani. Bodaboda ya kuwachukua ikichelewa, nami nachelewa kutoka.

Mwezi uliopita mtoto, ana miaka saba, aliingia akajikunja nyuma ya kitanda changu. "Bibi, mwambie sipo. Kule sina wa kucheza naye."

Nje nikasikia, "Shikamoo, mama. Mtoto yuko tayari?"

Tulishaonywa: baba akiondoka bila mtoto, shauri linapelekwa mahakamani, na huko baba anaweza kupewa mtoto moja kwa moja. Nikinyamaza, tunampoteza. Nikimtoa, natoka naye mbele ya mkwe.

"Marahaba," nikajibu dirishani. "Geukia ukutani."

"Nimeshageuka, mama."

Nikamvuta mtoto. Akang'ang'ania khanga yangu, ikabaki mikononi mwake, nikatoka uani kichwa wazi. "Bibi mbaya wewe! Mbaya!" Baba yake akanyoosha mkono nyuma ya mgongo, nikamtia mtoto mkononi.

"Ucheze naye," nikamwambia. "Kule hana mwenzake."

"Nimesikia, mama," akauambia ukuta.

Jumapili mtoto akarudi, akanipita mlangoni bila salamu hadi kwa mama yake. Jumamosi ya mwezi huu hakujificha. Alikaa uani na begi lake tangu saa tatu, amekataa hata nimfunge viatu. Nami ndani, komeo nimelitia kumngoja mkwe, namsikiliza mjukuu wangu akikohoa.