Msumari Niliokwangua

Nasema wazi: nilimchukia mwalimu wangu wa darasa la sita, na mpaka leo sijamsamehe.

Ilikuwa Likasi, wakati Katanga ilipojitenga na Kongo. Baba yangu alitoka Kasai, mkoa wa jirani, kuja kuyeyusha mukuba, yaani shaba, na mimi nikazaliwa hapo hapo. Lakini kwa mwalimu sisi tulikuwa watu wa kuya tu, wageni. Siku moja akaandika ubaoni majina ya watakaofanya mtihani wa kuendelea na masomo. Langu akaliruka, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani!

"Weye utarudi kwenu," aliniambia. "Mutihani ya nini?"

Wiki ile alitufundisha kwa vitendo. Tulisaga jiwe la kijani lenye mukuba, kutoka machimbo ya Kambove, tukalitia kwenye glasi ya siki. Likatoa povu, na maji yakawa ya bluu. Tukazamisha msumari. Kesho yake ukatoka mwekundu.

"Munaona?" akapaza sauti. "Chuma imegeuka mukuba!"

Nilipomsimulia baba, alicheka hadi akakohoa. "Imegeuka nini? Mukuba imeshika juu tu. Kwangua, utaona."

Sikumwambia mwalimu neno. Niseme anichape? Thubutu! Nikamngoja mkaguzi wa shule, aliyetarajiwa Ijumaa.

Siku hiyo mwalimu aliinua msumari wake mbele ya mgeni, kifua mbele, akarudia maneno yale yale. Nikanyoosha kidole.

"Bwana mkaguzi, niko na ulizo."

Nikauchukua ule msumari, nikapiga magoti, nikaukwangua kwenye saruji, kwaru, kwaru, huku roho yangu ikiburudika. Wekundu ukabanduka, chuma kikaonekana na rangi yake ya siku zote. Watoto wakaangua kicheko.

Mkaguzi hakucheka. Aliniuliza jina, akalitafuta kwenye orodha ya mtihani iliyokuwa bado ubaoni, asilione.

"Huyu mbona hayuko?" akamuuliza mwalimu. "Andika."

Mwalimu akachukua chaki. Nilisimama ubavuni pake nikimtajia herufi moja moja, polepole, kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtoka.

"Mwalimu, umekosea," nikamwambia. "Futa, anza tena."

Akafuta. Hakuwa amekosea.