Mke Mwenza wa Shaba

Mfagizi wa shule yetu ana mke mwenza, ila mke mwenza huyo hali, hazeeki, wala hakosei. Yuko ukutani kwenye ukumbi, jina la nne kwenye kibao cha shaba cha waliokufa vitani. Alikuwa mwalimu wa hesabu hapa. Akaacha chaki, akaenda kuuguza majeruhi, asirudi. Miaka mitatu baadaye mumewe, seremala wa shule, akamwoa mfagizi.

Tangu hapo mwanamke wa watu hajaona raha. Akipika, mume anasema asante, basi. Lakini siku ya kuwakumbuka mashujaa hunyoa ndevu, hujipigia pasi shati, na kusimama mbele ya kibao mpaka watu wote waondoke. Kwa ajili ya mke aliye hai hajawahi kunyoa.

Kusugua kibao ni kazi ya mfagizi. Majina mengine huyapitishia kitambaa harakaharaka. Lile la nne hulikamia kwa ndimu na majivu, kila Ijumaa, miaka tisa sasa. Siku moja nilimkuta jasho likimtoka, meno ameyakaza.

"Bandu bandu huisha gogo," akaniambia. Mimi karani nikajifanya sikusikia. Wivu ukipanda kichwani hauulizi shaba ina unene gani.

Mwaka huu, wanafunzi walipomaliza kuyasoma majina, seremala hakusimama peke yake. Alimwita mkewe mbele ya kibao. Majina kumi na sita yalikuwa yamefifia; moja liliwaka kama sufuria mpya.

"Mama watoto," akasema, "miaka yote hii umemtunza mwenzako. Sijui nikushukuru vipi."

Ndicho alichokitamani siku zote: mumewe amtazame usoni, tena mbele za watu. Angenyamaza tu akapokea. Lakini shukrani yenyewe ilikuwa kwa ajili ya yule wa ukutani.

"Sikumtunza," akasema. "Nilikuwa namfuta."

Nikatazama viatu vyangu. Seremala akakodolea macho kibao, kisha mkewe, halafu akacheka mpaka akajishika mbavu. Hatukuwahi kumwona akicheka pale.

"Loo! Nyie mngepatana! Marehemu alikuwa na wivu, usiseme. Wewe bado sana."

Mfagizi akabeba ndoo yake akatoka. Aliponifikia karibu na mlango alisimama, machozi yakimlenga.

"Umesikia?" akaniuliza. "Hata kwa wivu kanishinda."