Mstari Wangu Kwenye Daftari la Vifo

Shemeji yangu aliniandikisha kifo nikiwa mzima, tena kwa kidole changu mwenyewe. Sitaki kulizungusha neno hilo.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Mimi nilitia vifungo na kupiga pasi, na miaka ishirini na miwili tuliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya kibanda chake. Alipofariki, mdogo wake ndiye aliyeshika makaratasi yote, kwa kuwa wakati ule sikujua kusoma hata jina langu. Siku ya nne alikuja na kidau cha wino.

"Shemeji, weka dole hapa. Na hapa pia, hii ni nakala."

Nikaweka. Akanifuta wino kwa leso yake, taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi.

Baada ya miezi sita nikakihitaji cheti cha kifo cha mume wangu, ili vyumba viandikwe kwa jina langu. Kila nikimwuliza shemeji, ni kesho. Jirani yangu, fundi viatu, akachoka kunisikia.

"Unambembeleza wa nini? Daftari la vifo ni la watu wote. Nenda, taja jina na tarehe, utapewa."

Nikaenda. Karani mwenye miwani iliyofungwa uzi alishusha rula mstari kwa mstari mpaka akampata mume wangu. Kisha rula ikasimama tena, chini kidogo. Akaomba kitambulisho changu. Akakitazama, akanitazama.

"Mama, una pacha?"

"Sina."

"Basi wewe pia umo humu."

Akanisomea. Jina langu, la baba yangu, umri wangu. Sababu ya kifo, presha. Tarehe, siku tisa baada ya mume wangu. Mtoa taarifa, wifi wa marehemu. Mume wangu hakuwa na dada. Akaitoa fomu kwenye jalada, nikaliona dole la huyo wifi: lina kovu la pasi katikati. Nikaweka langu kando yake. Karani akavua miwani.

Nikaomba nakala ya cheti changu cha kifo. Akasema cheti cha marehemu hupewa yeyote, ndugu au mpita njia, lakini mwombaji lazima awe na kitambulisho kinachofanya kazi, na changu kilifungwa siku walipoandika kifo changu.

"Kwa maiti, mama, unaongea sana," akasema karani wa meza ya pili, na wenzake wakacheka.

Yule wa miwani hakucheka. Alinisogeza dirishani.

"Nakala yako shemeji yako ameshachukua mara mbili. Ya pili ni juzi. Nisikilize, mama. Mtu haandikwi kifo mara mbili. Likikupata lolote sasa, hakuna atakayeuliza. Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

Akarudi mezani, akalifunga daftari.

Tangu wiki ile shemeji ananitembelea, jambo ambalo hakulifanya kaka yake akiwa hai. Anakaa kwenye kiti cha cherehani, anauliza kama presha inanisumbua. Sina presha. Ananiletea vidonge vyeupe, vimefungwa kwenye karatasi, havina kopo wala jina.

"Kunywa, shemeji. Umekonda."

Namwambia nitakunywa nikishakula. Vimefika kumi na saba, nimevifunga kwenye kitambaa. Watu wananiambia nihame. Nikihama, vyumba ni vyake siku hiyohiyo, maana mwenyewe alishakufa.

Fundi viatu ameniombea nakala hiyo kwa kitambulisho chake, akapewa bila hata kuulizwa mimi ni nani yake. Ninayo. Nimeipeleka polisi. Wakasema mlalamikaji hayumo kwenye kumbukumbu za walio hai, nianzie kwa msajili. Msajili anasema aje aliyeniandikisha, akanushe.

Kwa hiyo shemeji ananidai ukimya wa maiti, nami namdai neno moja: asimame mbele ya msajili aseme huyu hajafa. Msajili namdai mstari wa wino mwekundu juu ya jina langu. Ni mwezi wa nne tangu niende kwa karani, hakuna aliyelipa. Na shemeji amesema atapita tena Ijumaa.