Mshahara Uliopitia Kisii

Moraa ni fundi wa kukata nguo. Amepanga chumba kwetu hapa Garland, Marekani, na mama yangu, Mkongo, humwita dada. Akishika mkasi haongei. Akikutazama bega mara moja tu, joho litakukaa.

Mwajiri wake ni Mzee Elkana, Mkisii mwenzake, mwenye karakana ya kushona majoho ya kwaya. Kampuni yake ndiyo iliyomwombea Moraa karatasi za kukaa Marekani, maana fundi kama yeye hapatikani ovyo. Zikitoka, atamleta binti yake, Precious, aliyebaki Kisii kwa bibi yake. Lakini Precious ana miaka kumi na saba, na akifika ishirini na moja sheria haitamhesabu tena kuwa mtoto. Ndiyo maana Moraa haachi kuulizia foleni ya hizo karatasi.

Jumamosi moja wakili wao, Clara, alipiga simu ya video kutoka Houston. Tuliiegemeza simu kwenye chupa ya chai, Mzee na Moraa wakakaa mbele yake.

"Mzee, serikali inataka ushahidi kwamba kampuni ina uwezo wa kumlipa Moraa mshahara mlioandika, tangu siku mlipoomba."

"Mimi nikose uwezo?" Mzee akang'aka. "Nani alinunulia kanisa vipaza sauti?" Akatoa simu yake, akaanza kumwonyesha picha za nyumba zake za kupangisha kule Kisii.

"Hizo ni zako, Mzee. Kampuni ni mtu mwingine."

"Kampuni ni mimi!"

"Kwa sheria, hapana. Na huyo mtu mwingine mwaka jana alipata hasara. Basi tuonyeshe kwamba Moraa amekuwa akilipwa mshahara wote. Mbona slipu zake zinaonyesha nusu?"

Mama akaacha kukoroga mboga yake ya sombe.

Moraa ndiye aliyeeleza. Nusu nyingine ililipwa nyumbani. Mdogo wake Mzee hukusanya kodi za zile nyumba, kisha humpelekea mama yake Moraa pesa mkononi. Anakaa, anakunywa chai, anatoa habari. Hakuna ada ya kutuma. Wote waliona ni undugu.

"Nilikuwa nakusaidia," Mzee akasema, sauti imeshuka.

"Ulinisaidia, Mzee. Sikatai."

Clara akavua miwani. "Pesa hizo hazikutoka kwa kampuni, kwa hiyo hili ombi watalikataa. Mhasibu arekebishe mambo ya kodi ya serikali, tuombe upya, na mshahara wote upitie kwenye kampuni. Ila mtaanzia mwisho wa foleni."

"Precious atawahi?"

"Huenda. Siwezi kukuahidi."

Moraa alitazama mikono yake. Nilidhani atalia, au atamlaumu Mzee. Akasema tu, "Tuanze leo."

Mzee akasema kampuni, iliyonunua hata vile vipaza sauti, haitachangia tena harambee yoyote. Akitaka kutoa, atatoa mfukoni mwake.

"Ooh, basi kwaya itaimba bila vipaza sauti," mama akamtania. Mzee akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mwezi uliofuata Moraa alipata slipu yenye mshahara mzima. Akatuma pesa nyumbani mwenyewe, akakatwa ada. Mama yake akapiga simu, ana wasiwasi.

"Mbona yule mdogo wake Elkana haji tena? Nimempikia chai, hakuja. Mmekosana na Elkana?"

"Hatujakosana, mama."

"Sasa?"

Moraa akajibu, "Ni serikali, mama. Haiwezi kuona chai." Kisha akaomba azungumze na Precious.