Tawi la Mgunga Nililochomoa

Baba alininunulia katambuga pale Isaka, siku tulipopeleka ngozi za ng'ombe, nikazivaa ya kulia kushoto mpaka nyumbani. Hazikusaidia. Mwiba wa mgunga ulipenya tairi ukaingia kisiginoni, mguu ukavimba kama kibuyu, shule nikaiacha darasa la pili. Wengine husema niliacha kwa uvivu. Hawakosei sana. Ila miiba, basi, nikaijua kuliko herufi: ipi hukaa mwaka, ipi huoza mvua ya kwanza, tawi ulilaze vipi mbuzi asipite. Ndiyo maana vijana wa miti walinijia.

Korongo lilikuwa linakula kijiji chetu. Kila mvua lilimega shamba la mtu, na sasa lilikuwa limefika nyuma ya kisima. Vijana walianza saba, kwa mzaha, kupanda miti ya kulizuia; baadaye wakaongezeka, hata waliochoka na mashimo ya dhahabu kule Mwakitolyo wakaja na sururu zao. Mwenyekiti wao msichana, sauti kama ya mnadani.

"Mwangaluka, guku," aliniamkia, kama anavyomwamkia babu yake. "Miche tunayo. Na mbuzi wameshapata habari."

"Mnataka niwafukuze?"

"Kwa mbio zipi, guku? Tufundishe uzio."

Ukingo wa korongo tukaufunga kwa matawi ya mgunga, kama ngitili, yale malisho yetu ya akiba ambayo mnyama hayagusi mpaka kiangazi.

Kisha zizi la ndama wangu likapata tundu, na fisi wapo. Badala ya kwenda porini kukata tawi, nikachomoa moja kwenye uzio wa vijana, nikijiambia kesho nitarudisha. Kesho yake nikaenda msibani. Msibani kulikuwa na wali, nasema kweli, nikakaa siku tatu.

Mbuzi wa mama muuza maandazi wakapita pengo lile. Mama huyu mgeni kwetu. Alikuja na mume mchimbaji, mume akafukiwa na shimo, yeye akabaki. Miche yote ikawa vijiti.

Dagashida, baraza letu la jadi, ikaitwa, kijiji kizima. Wakasema mama kafungua uzio makusudi. Adhabu yake kwetu ni kutengwa: hakuna kumwamkia, hakuna kumpa kijinga cha moto, andazi lake halinunuliwi.

"Baba zangu, sijagusa mwiba," alisema. "Mikono hii ya unga, iangalieni, ina mkwaruzo?"

"Ulitumia mwiko!" mmoja akadakia. Watu wakacheka.

Mkono wangu mimi ulikuwa na mikwaruzo mpaka kiwikoni. Nikauingiza mfukoni mwa koti.

Msichana akanigeukia. "Guku, wewe ndiye fundi. Tawi laweza kung'oka lenyewe?"

Sijui kama alikuwa ananipa mlango au aliuliza tu. Ningesema "laweza", mama angepona, nami nisingeguswa. Hata uongo huo mdogo ulinishinda, kwa majivuno tu ya mtu asiyesoma mwenye kitu kimoja anachokijua. Nikasema, "Tawi nililolaza mimi haling'oki."

"Basi," wazee wakasema. Wanawake waliokaa karibu na yule mama wakainuka, wakahama.

Nikasimama, nikasema naenda kuangalia ndama. Nikapita zizini, wakanililia, sikusimama. Nikashika barabara ya Kahama mpaka kwa binti yangu. Msichana alinipigia simu mara mbili, sikupokea. Kule kijijini sijakanyaga tena.