Sahihi ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alipoingia chuo, mimi nilikuwa napakia chakula cha abiria wa ndege kule Malton, karibu na uwanja wa ndege huku ughaibuni, na kila mshahara nilikatwa kodi. Yeye hakuwa na kazi wala kodi ya kulipa, kwa hiyo nafuu ya kodi inayotokana na ada ya chuo haikumfaa. Mama mmoja aliyekuwa akitujazia fomu za kodi msikitini alinieleza kwamba mwanafunzi anaweza kumpa bibi yake nafuu hiyo, mradi atie sahihi. Basi kila mwaka, mwezi wa nne, msimu wa fomu za kodi, alikuja akatia sahihi, mimi nikarudishiwa sehemu ya kodi, na hela hiyo nikaiweka kwenye ada ya muhula uliofuata.

Mwaka wa tatu alipiga simu.

"Bibi, si naweza kuituma fomu kwa posta?" aliuliza kwa Kiingereza chake.

"Hapana. Utatia sahihi mbele yangu."

"Serikali ndiyo imesema?"

"Mimi ndiye nimesema. Njoo, na simu uiache mfukoni."

Alicheka, akaja. Alikula wali na maharage, akatia sahihi, akasinzia kwenye kochi langu mpaka jioni. Nilijua posta ingetosha.

Sasa amemaliza chuo, anafanya kazi mji wa Richmond Hill na analipa kodi yake mwenyewe. Hilo ndilo nililolitaka. Mwezi wa nne ulipofika nilipika wali wa watu wawili, nikaula peke yangu siku mbili. Siku ya tatu nilimpigia, nikamwambia hakuna karatasi ya kutia sahihi, ila aje.

Akasema ataangalia ratiba yake.