Mambo ya Ndani

Mimi ni mtu wa ndani. Hata sokoni Darajani huniendea mke wangu. Baada ya uchaguzi, kaka yangu alikamatwa, pamoja na wengine wengi, kwa kuuliza kwa nini kituo chetu cha kura kilifungwa mapema. Wageni waliokuja kuangalia uchaguzi walipohoji kamatakamata ile, mkubwa mmoja akawajibu redioni: "Haya ni mambo yetu ya ndani."

Mama akacheka kwa uchungu. "Kweli, nchi yetu, mgeni asituamulie. Lakini mwenyeji akiuliza hutiwa ndani. Basi aulize nani?"

"Ntakwenda polisi mimi."

"Wewe? Hata njia utaijua?"

Nilikwenda, nikamuulizia kaka. Askari akaniambia kwa upole, "Rudi kwako, bwana, kabla hujamfuata."

Nikarudi upesi, raia mtiifu. Kaka yangu mpaka leo hajarudi.